Uzito wa Sahani Tupu

"Weka na mayai," Eladio alisema kwa midomo iliyobanwa, macho kayaelekeza baharini kama mtu anayesifia mawimbi.

Celsa aliyatia mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkoba uliokuwa wazi mapajani mwake, chini ya kitambaa cha meza. Mkobani tayari mlikuwa na mikate minane iliyopasuliwa na kutiwa jibini, ndizi nne, na vipande vya nyama ya nguruwe alivyovikunja ndani ya karatasi za kufutia mikono. Hii ilikuwa asubuhi ya tatu. Mikono yake ilikwisha kuzoea. Moyo ndio ulikuwa bado.

Kijana wa ofisi ya safari kule kwao Encarnación, Paragwai, alikuwa amemwapia Eladio kwamba chakula kimo ndani ya bei. Hakusema chakula kipi. Walivuka mpaka, wakalala ndani ya basi, wakafika hotelini kwenye ufuo wa Sarrafo, Brazili, na migongo imekufa ganzi, ndipo wakaambiwa kilichomo ni kifungua kinywa peke yake. Mchana na jioni mgeni anajichotea, anapeleka sahani yake kwenye mizani, na kilo moja ni reais tisini. Eladio alisimama mbele ya bango la bei akiwa bado ameshika sanduku.

"Kilo tatu za mbavu," alisema. "Kwenye bucha yangu mtu anaondoka na kilo tatu za mbavu kwa pesa hiyo. Hawa wanampa mtu maharage."

Lakini hakuna aliyethubutu kusema warudi. Safari ilikuwa ya Liz Mabel, binti yao wa pekee, aliyekuwa akitimiza miaka kumi na tano. Wenzake hufanyiwa sherehe, gauni kama la bibi harusi na keki ya ghorofa tatu. Yeye alisema hataki gauni, anataka kuiona bahari. Miaka miwili Eladio aliweka akiba kwa ajili ya bahari hiyo. Bahari wakaiona. Chakula ndicho walichokuwa wakikiiba.

"Na vile vikopo vya maziwa," alinong'ona Ña Saturnina, mama yake Eladio, kutoka upande wa pili wa meza. "Vya chokoleti. Mtoto anavipenda."

"Bibi, wanatutazama," alisema Liz Mabel.

"Waache watazame. Macho hayashibi."

Aliyekuwa akiwatazama ni Bwana Valdir, meneja, mtu mfupi mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama ubao. Alikuja taratibu katikati ya meza, akiwasalimu wageni kushoto na kulia, akasimama nyuma ya kiti cha Celsa, akanyoosha mkono.

"Mama, mkoba," alisema kwa Kireno cha polepole na cha sauti kubwa, kama watu wanavyosema na kiziwi.

"Mkoba wangu?"

"Mkoba wako. Chakula changu."

Hakungoja. Aliunyakua mapajani mwake akaupindua juu ya meza. Ikatoka mikate, zikafuata ndizi, nyama, rozari, vidonge vya presha vya Ña Saturnina, na pakiti ya pedi iliyokwisha kufunguliwa. Yai moja lilibingirika hadi ukingoni, likaanguka, likapasuka kwenye vigae. Ukumbi mzima ukageuka kutazama, Waajentina kwa Wabrazili, hata watoto waliokuwa wakigombania juisi.

Celsa alimtazama mumewe. Alingoja aseme neno lolote, hata la uongo, kwamba mtoto ni mgonjwa, kwamba walidhani inaruhusiwa. Eladio alikuwa ameiva kwa wekundu mpaka masikioni. Aliinuka, akasukuma kiti nyuma, akamzaba mkewe kofi kwa kiganja kile kilichozoea kutenganisha mifupa. Meno ya Celsa yaligongana. Upande wa kushoto wa dunia ukawa unavuma.

"Mara ngapi nimekukataza kunitia aibu?"

Nyumbani walizungumza Kiguarani. Hili alilisema kwa Kihispania, na kwa sauti, ili ukumbi wote uelewe.

"Basi, basi, rafiki yangu," alisema Bwana Valdir, sasa akitabasamu kweli. Alimpigapiga Eladio begani. "Wanawake ndivyo walivyo. Yameisha."

"Baba, lakini si wewe ndiye uliye..." Liz Mabel alianza, kisha akatoa mguno. Bibi yake alikuwa amemfinya paja.

Mama mmoja wa Kiajentina kwenye meza ya jirani aliweka kikombe chake chini, akamtazama Celsa kwa macho yaliyouliza kitu. Celsa akayakwepa.

"Okota vitu vyako, mwanangu," alisema Ña Saturnina. "Anza na hizo pedi."

*

Chumbani Celsa aliketi ukingoni mwa bafu na taulo lililoloweshwa maji baridi shavuni. Kofi halikuwa jambo geni. Katika miaka kumi na sita ya ndoa alikwisha kuyajua makofi ya Eladio kama anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani: lipi linakuja, litamfikia wapi, asimame vipi. Geni lilikuwa kwamba watu wameona, na kwamba kuona kwao hakukubadilisha chochote. Waliendelea kunywa kahawa.

Eladio aliegemea mlango wa bafu.

"Linauma?"

"Unaonaje?"

"Celsa, ulitaka nifanyeje? Nisimame niseme mimi Eladio Benegas, mwenye bucha sokoni, nimetoka kwetu kuja kuiba mikate Brazili?"

"Ungenyamaza."

"Mwanamume akinyamaza wanamkalia kichwani."

"Ulinipiga mimi ili yule mtu akupapase bega."

Alijutia maneno hayo kabla hayajamalizika kutoka, akakaza shingo kama kawaida yake. Lakini Eladio hakuinua mkono. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechomwa mahali pasipoonekana, akajikuna kidevu.

"Leo mtoto anatimiza kumi na tano," alisema. "Mikate basi. Mchana tunakula ukumbini, meza ya mbele, sahani zimejaa. Watuone. Huyo mwenye shati la ubao atuone akiwa amesimama, sisi tumekaa."

"Kwa pesa gani?"

"Tiketi za basi la kurudia tunazo. Nilizobakiza za zawadi nitazilia samaki."

Alitoka. Celsa akamsikia huko nje akimwambia binti yake avae lile gauni la njano, na mtoto akijibu kwa sauti ndogo, "Sina njaa, baba."

"Njaa utaikuta huko."

*

Saa saba mchana walikuwa kwenye foleni. Eladio amevaa shati lake la kanisani, Ña Saturnina amejipaka poda, Liz Mabel kwenye gauni la njano, macho kwenye vidole vya miguu yake. Celsa alikuwa ameufunika wekundu wa shavu kwa poda ya uso aliyoazima kwa mama mkwe, nayo haikuwa rangi yake. Alionekana kama ukuta uliozibwa ufa.

Eladio alijichotea kama mtu anayelipiza kisasi. Wali, maharage meusi, samaki wawili, mbavu tatu kutoka kwa mchomaji aliyesimama kwenye jiko la mkaa na visu vyake. Liz Mabel alichukua kipande kimoja cha samaki, kijiko cha wali, na majani mawili ya saladi.

Kwenye mizani alikaa mwanamke kijana mwenye kofia ya wavu, jina lake Jucélia limeandikwa kifuani. Alipokea sahani ya Liz Mabel, akaiweka. Kioo kikaandika gramu mia nne na ishirini.

Eladio alinyoosha mkono akaichukua ile sahani, akaishika kiganjani, akaipandisha na kuishusha mara mbili.

"Sivyo," alisema.

Celsa alilijua lile neno. Mumewe alikuwa amepima nyama tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na kiganja chake kilikuwa na akili ya peke yake. Alijua pia kitu ambacho wateja wa Encarnación hawakukijua: namna dole gumba la Eladio lilivyokwenda kulala ukingoni mwa mizani pale mteja alipogeuka kutazama kalenda. Mwizi hamkosi mwizi mwenzake.

"Dada," Eladio alisema kwa upole, "ondoa hii. Weka sahani tupu."

"Sahani tupu, bwana?"

"Tupu. Kama mizani yako ni ya haki itasema sifuri. Chakula nalipia, sahani sijainunua."

Jucélia alitazama nyuma yake, mlangoni mwa ofisi. "Bwana, siruhusiwi. Foleni ni ndefu."

"Foleni iangalie pia."

"Siruhusiwi, tafadhali. Watanifukuza."

Eladio alichukua sahani tupu kwenye rundo. Jucélia akaweka kiganja juu ya mizani kuikinga. Ndipo Eladio akamshika kifundo cha mkono, akaukunja kwenda nje, kama anavyoukunja mguu wa kuku. Kitu kililia ndani. Jucélia alipiga yowe, akapiga magoti nyuma ya kaunta, mkono wake bado umo mkononi mwa Eladio.

"Mwachie!" alipaza sauti mama wa Kiajentina.

Bwana Valdir alitoka ofisini mbio, kitambaa cha kulia kingali shingoni. Alimwona Jucélia, akaiona sahani tupu, akaelewa mara moja, na Celsa aliona kwamba ameelewa.

"Tena wewe?" alisema. "Asubuhi mkeo anaiba, mchana wewe unavunja watu. Na unatufundisha sisi uzito? Mparagwai? Saa zenu bandia, pombe zenu bandia, mpaka farasi wenu wanakimbia nusu ya njia wakaanguka. Toka hotelini mwangu!"

Watu wawili watatu kwenye foleni walicheka. Kicheko hicho, pengine kuliko tusi lenyewe, ndicho kilichofanya kazi.

Eladio alimwachia Jucélia, akamvuta Bwana Valdir kwa shati lake gumu, akampiga kichwa cha uso. Mlio wake ulikuwa mkavu. Damu ikamtoka meneja puani kama bomba lililofunguliwa, ikalirukia shati, ikarukia wali wa mtu wa nyuma. Eladio alimpiga tena, sasa kwa ngumi, halafu kwa ile sahani tupu, ikavunjika juu ya sikio. Mchomaji aliruka juu ya jiko lake na kumkumbatia Eladio kwa nyuma. Eladio akampiga kiwiko cha meno, akamtupa juu ya meza ya matunda. Matikiti yalipasuka sakafuni. Watu walikimbilia mlangoni, wakakanyagana, mtoto wa mtu akawa analia amesimama peke yake katikati na kijiko mkononi.

"Baba! Baba, basi!"

Ni Liz Mabel. Alikuwa amemfikia, amemning'inia kwenye mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Eladio aligeuka. Alimwona. Celsa ataapa mpaka siku ya kufa kwake kwamba alimwona, alimtambua, alijua huyu ni nani. Kisha akauondoa mkono wake na kumrudishia ngumi ya kinywani.

Gauni la njano lilikwenda chini.

Mlinzi wa geti aliingia na rungu. Pigo la kwanza lilimpata Eladio bega, la pili goti, la tatu hakuna aliyeona limempata wapi, ila alianguka kifudifudi kwenye maharage na kubaki hapo akihema. Mlinzi alimkalia mgongoni. Mchomaji, meno yake mawili yakiwa yamelegea, alikuja akampiga teke la mbavu, akaenda zake, akarudi akampiga jingine.

Celsa alikuwa sakafuni na binti yake. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika, na pale palipokuwa na jino la mbele palikuwa na shimo jeusi. Liz Mabel hakulia. Alikuwa akitazama juu, akishangaa, damu ikimtiririkia shingoni.

"Mama," alisema, maneno yakimponyoka pembeni, "amenipiga mimi."

*

Polisi walifika wawili, mwanamume mnene na mwanamke wa makamo aliyesuka nywele mstari. Walimfunga Eladio pingu, wakamkalisha kwenye nguzo. Bwana Valdir alikuwa kitini na barafu puani, akizungumza bila kupumzika: watu hawa wameingia na nia mbaya, wameiba asubuhi, wana ushahidi, mizani yake inakaguliwa kila mwaka na ana karatasi.

"Mwongo!" Eladio alipaza sauti kutoka kwenye nguzo. Jicho lake moja lilikuwa limefumba. "Mizani inaiba! Celsa! Waonyeshe!"

Celsa alikuwa ameketi na kichwa cha Liz Mabel mapajani, akimkandamizia mdomo taulo lenye barafu. Alimpa Ña Saturnina kile kichwa taratibu. Akainuka, akatembea juu ya vigae vyenye damu na matikiti, akachukua sahani tupu kwenye rundo. Ilikuwa nzito, ya udongo mweupe.

"Usiguse mitambo yangu!" alisema Bwana Valdir.

"Mwache," alisema askari wa kike.

Celsa aliiweka sahani juu ya mizani. Kioo kiliwaza kidogo, kikaandika gramu mia moja na themanini.

Askari mnene aliinama kusoma. Akaiondoa sahani, akachukua nyingine, akaiweka. Mia moja na themanini. Akachukua ya tatu.

"Kwa hiyo hewa ni reais kumi na sita," alisema.

Wageni waliokuwa wamebaki walianza kusogea. "Nimekula hapa siku sita," alisema mzee mmoja wa Kibrazili, akihesabu kwa vidole. "Mimi na mke wangu, mchana na jioni." Mwingine alitoa simu akaanza kupiga picha. Bwana Valdir aliacha kuzungumza. Jucélia, aliyekuwa amekaa chini akiupakata mkono uliovimba kama mkate, alisema bila kumtazama mtu, "Ni yeye anayeitega. Kila asubuhi. Mimi nimewahi kumwambia, akaniuliza kama nina kazi nyingine ya kwenda."

"Mmeona!" Eladio alikuwa akicheka na kukohoa kwa pamoja. "Mmeona! Mparagwai amewaonyesha! Celsa, hapo ndipo ninapokupenda, mke wangu!"

Askari wa kike hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Liz Mabel, akilifunua taulo kwa kidole kimoja. Kisha akamgeukia Celsa, akamtazama shavu, pale poda ilipokuwa imeyeyuka kwa jasho na kuacha vidole vinne vyekundu.

"Na huyu mtoto, nani kampiga?"

Eladio akageuza uso pembeni.

"Ameanguka," alisema Ña Saturnina haraka. "Watu walikuwa wakisukumana. Sakafu inateleza. Ameanguka, maskini."

"Sikukuuliza wewe, mama. Namuuliza huyu." Aliinuka, akasogea mpaka alipokuwa uso kwa uso na Celsa, akashusha sauti. Kireno chake kilikuwa chepesi, cha mtu aliyezoea kusema na watu wa mpakani. "Mama yule wa Kiajentina ameniambia ya asubuhi. Lakini maneno yake hayatoshi. Nataka yako. Nani kampiga mtoto? Na wewe nani kakupiga?"

Celsa alifungua mdomo, na kwa mshangao wake hakuwa na jibu lililotayarishwa. Kwa majirani alikuwa nalo. Kwa padri alikuwa nalo, na kwa nesi wa zahanati ile mara ya mbavu: mlango, ngazi, ng'ombe. Lakini hayo yalikuwa majibu ya watu waliouliza huku wakiomba wasijibiwe. Huyu alikuwa amesimama na kalamu.

"Celsa," Eladio alisema kwa Kiguarani, taratibu, sauti ile ya kitandani. "Usiniuze kwa wageni. Mizani umeona mwenyewe. Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki," alisema Celsa.

Kisha akageuka kwa askari, akasema kwa Kihispania, na kwa sauti, ili ukumbi wote uelewe:

"Mume wangu amesema kweli kuhusu mizani. Na ndiye aliyempiga mtoto. Na huyu dada mkono kamvunja yeye. Asubuhi alinipiga mimi kwa ajili ya mikate aliyonituma mwenyewe kuichukua. Mwaka juzi alinivunja mbavu mbili kwa sababu ya chumvi. Andika yote. Nitakwambia polepole."

"Nyoka!" alipiga kelele Eladio, akijaribu kuinuka na nguzo mgongoni. "Nyoka wewe! Ulikula mkononi mwangu miaka kumi na sita! Nikitoka, Celsa! Mungu ni shahidi, nikitoka nitakuchinja kama..."

"Hilo pia," alisema Celsa. "Liandike hilo pia."

*

Daktari wa zahanati alimshona Liz Mabel nyuzi tano. Jino hakulipata mtu. Pengine lilifagiliwa pamoja na maharage. Celsa alipomaliza kutia saini kituoni aliambiwa kwamba mumewe hatatoka mpaka jaji amsikilize, kwamba kwa mkono wa Jucélia, pua ya meneja, meno ya mchomaji na kinywa cha mtoto jambo halitakuwa la siku moja, na kwamba akitoka hataruhusiwa kumkaribia, angalau katika nchi hii.

"Na kwetu?" Celsa aliuliza.

Askari wa kike alimpa nakala ya karatasi zote, zimegongwa mihuri. "Kwenu uzipeleke kwa hakimu siku ileile utakayofika. Usipitie nyumbani kwanza."

Jioni, jua lingali juu kidogo, walirudi hotelini kuchukua masanduku. Bwana Valdir hakuonekana. Wakaguzi walikuwa ofisini kwake. Mhudumu mmoja alisema kwa haraka, akitazama chini, kwamba chakula cha leo ni bure kwa wageni wote. Celsa alitaka kukataa. Kisha akamtazama binti yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni, akaketi naye palepale, meza ya mbele, kwenye ukumbi uliokuwa bado unanuka dawa ya kusafishia. Akamtafutia supu na viazi vilivyopondwa. Liz Mabel alikula kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, akikwepa nyuzi.

Ña Saturnina alikuwa amekaa meza ya peke yake, amewapa mgongo. Tangu kituoni hakuwa amesema nao neno zaidi ya moja, nalo lilikuwa tusi. Polisi walimkabidhi yeye vitu vya mwanawe, kwa kuwa ndiye aliyevidai: mkanda, saa, pochi, na funguo. Alikuwa amevipanga mezani mbele yake, akila mkate wake wa muhogo alioutoa nyumbani, mkavu, bila maji.

Baada ya muda mrefu aliinuka. Alikuja kwa miguu yake mizito mpaka kwenye meza yao, akavuta kiti, akakikalia.

"Umemfunga mwanangu," alisema.

"Nimemfunga, mama."

"Sitakusamehe."

"Sawa."

Kikongwe alimtazama mjukuu wake, ule mdomo, ule uzi mweusi. Akashika kidevu chake kwa mkono.

"Baba yake Eladio alinivunja hii nyonga siku ya ubatizo wa Eladio mwenyewe," alisema. "Uani, mbele ya padri. Padri akauliza kama supu imeshaiva. Nikainuka nikaipakua. Nikiwa nimeshikilia ukuta hivi." Alionyesha. "Miaka hamsini naitembelea hii nyonga. Hakuna aliyeniuliza. Hata mtu mmoja. Na kama mtu angeniuliza ningesema nimeanguka, kama nilivyosema leo. Inatoka yenyewe mdomoni."

Celsa alimsogezea sahani yake ya wali. Ña Saturnina aliitazama, akaisukuma pembeni.

"Basi linaondoka saa ngapi kesho?"

"Saa mbili asubuhi. Tiketi zetu zote zipo."

"Ya kwangu irudishe, uchukue pesa. Mimi nabaki."

"Bibi!" alisema Liz Mabel, akashika mdomo kwa maumivu.

"Nabaki. Nani atampelekea chakula? Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mwanamke anainuka na kupakua supu. Nitatafuta chumba. Wabrazili nao wana vibibi, hawatanitupa." Alifunga macho kidogo, akayafungua. "Lakini wewe nenda. Mchukue huyu mtoto uende. Wanangu wengine watakuja kukusumbua, watasema bucha ni ya ukoo. Waambie nimesema mimi. Kukata nyama unajua?"

"Najua."

"Najua unajua. Nimekuona ukiikata yeye akiwa amelewa."

Alirudi kwenye meza yake, akachukua lile shada la funguo. Kucha zake zilikuwa dhaifu. Alihangaika na pete ya chuma mpaka kidole kikamtoka damu, wala hakutaka kusaidiwa. Mwisho ufunguo mmoja mrefu, wa bucha, ukachomoka. Akarudi, akauweka mbele ya Celsa, kando ya kijiko, akaufunika kwa kiganja chake.

"Ukifika tu, kabla hujavua hata viatu," alisema, "badilisha kufuli."